Namna ya kupanga muziki wa tamthilia ndefu ili ubebe dhamira yake

Shangazi yangu anayeishi Makorora, Tanga, hufuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili akiwa jikoni, mgongo kaupa televisheni na mikono imo kwenye unga wa chapati. Mara nyingi hututangulia sisi tuliokaa sebuleni kwa kusema, "Huyo keshaingia," kabla mhusika hajafungua kinywa, kwa kuwa nyuzi zinazomtangulia anazijua. Hilo si ajabu, hata mtoto hulifanya. Kilichonishtua ni jioni moja aliposema, bila kugeuka, "Leo atamsamehe," na kweli baada ya dakika chache msamaha ukatolewa. Nilipomuuliza amejuaje, alijibu kwamba ule wimbo wa chuki leo wanaupiga polepole kama wa kubembelezea mtoto. Maneno yalikuwa yamebadilishwa kutoka Kituruki, na sauti za waigizaji zilikuwa za watu wengine kabisa, lakini muziki ulibaki uleule wa wenyewe, nao ndio uliomfikishia jambo ambalo waandishi walikuwa wakilijenga kwa muda mrefu.

Mwongozo huu ni kwa wanaotaka kulifikia jambo hilo katika tamthilia zetu, hasa vikundi vidogo vyenye kamera moja au mbili, kompyuta mpakato, kinanda, na rafiki mmoja anayejua gitaa. Vifaa hivyo vinatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango.

Anza na dhamira, mhusika atafuata

Wengi wanaoanza kazi hii humpa kila mhusika mahadhi yake: baba mkali besi nzito, binti filimbi, mwizi ngoma ya haraka. Katika filamu ya saa moja na nusu utaratibu huo unatosha, lakini tamthilia ya misimu mitatu hauwezi kuibeba, kwa sababu mhusika ni mpita njia. Msanii huugua, huhamia Dar es Salaam, au hudai malipo yake, akiyakosa akaondoka. Mhusika wake hufa ghafla kwa ajali, na mahadhi uliyoyajenga kwa sehemu 40 yakazikwa naye. Dhamira haiondoki. Ukiyafunga mahadhi kwenye dhamira, mtu yeyote anayeiingia dhamira hiyo anaweza kuyarithi, awe mzee, mtoto, au mgeni aliyeingia kwenye hadithi jana.

Kwa hiyo soma muswada wote, na kama msimu wa pili haujaandikwa, kaa na mwandishi akueleze hadithi inakoelekea. Kisha jiulize: ni jambo gani ambalo watu wa hadithi hii hawawezi kulisema? Linalosemwa waziwazi halihitaji muziki, na muziki ukilirudia huwa kama mtu anayekutafsiria Kiswahili kwa Kiswahili. Watu wa pwani tumelizoea jambo hili kwa njia nyingine, kwani leso huvaliwa na taarabu huimbwa ili kufikisha lile ambalo kinywa kimeshindwa kulitamka mbele ya mwenyewe.

Nitatumia mfano wa kubuni hadi mwisho. Babu alikuja Tanga akiwa manamba katika shamba la mkonge, pamoja na rafiki yake wa kijiji kimoja huko magharibi mwa nchi. Rafiki alimwachia akiba ya mishahara yake amtunzie, akafa kambini, na babu, badala ya kuipeleka akiba ile kwa ndugu wa marehemu, akanunulia kiwanja Ngamiani. Miaka 60 baadaye familia nzima inaishi katika nyumba iliyosimamishwa kwa jasho la mtu mwingine, na anayejua ni bibi peke yake. Wahusika watagombana kuhusu ndoa, biashara, na urithi wa nyumba hiyo, lakini dhamira inayolala chini ya magomvi yote ni deni. Mahadhi makuu basi yawe ya deni, wala yasiwe ya babu wala ya bibi.

Mfano bora ninaoujua wa muziki uliofungwa kwenye dhamira ni tamthilia ya Marekani iitwayo The Wire, iliyorushwa kati ya mwaka 2002 na 2008 katika misimu mitano. Wimbo wake wa utangulizi ni mmoja, utungo wa Tom Waits unaomwonya mtu dhidi ya shetani, lakini kila msimu uliimbwa na sauti tofauti: msimu wa kwanza waliimba The Blind Boys of Alabama, wa pili akaimba mtunzi mwenyewe, na wa nne, ambao uliwageukia wanafunzi wa shule, wakaimba vijana wa Baltimore, mji ule ule wa hadithi. Wahusika wanakufa na wengine wanachukua nafasi zao, mtaa unabaki na vishawishi vyake, na wimbo unasema hivyo kabla sehemu haijaanza. Hakuna aliyehitaji kuandika mazungumzo ya kulieleza.

Upande wangu nilijifunza kwa aibu. Katika tamthilia yetu ya kwanza nilikuwa na mahadhi ya huzuni ya kinanda, nikayaweka kila mtu alipolia. Kufikia sehemu ya sita, mtoto wa jirani alikuwa akianza kuyaimba kabla machozi hayajatoka, na sebule nzima ikacheka katikati ya msiba. Nilikuwa nimeyafunga mahadhi kwenye machozi, badala ya kuyafunga kwenye kinachowaliza watu.

Mahadhi mafupi, yenye pengo

Tunga mahadhi yasiyozidi sauti saba. Mpigie mtu asiye mwanamuziki mara mbili, mwache aendelee na shughuli zake, na baada ya nusu saa mwombe akuimbie, akishindwa, yafupishe. Tamthilia yetu ya mfano ina misimu mitatu ya sehemu 26, kila sehemu dakika 25, yaani jumla ya dakika 1,950, ambazo ni saa 32 na nusu. Mtazamaji hatakumbuka utungo mrefu kwa masafa hayo, ila sauti tano atazibeba mwaka mzima bila kujua kwamba amezibeba.

Jambo linalofuata ndilo ninalolithamini kuliko yote, nalo ni kuacha pengo. Waliopitia kwaya wanajua kwamba wimbo ukiishia kwenye "ti", sauti ya saba ya ngazi ya do-re-mi, bila kupanda kwenye "do", msikilizaji hubaki na mguu mmoja hewani. Kwa kuwa dhamira yetu ni deni lisilolipwa, mahadhi yaishie kwenye "ti", na sauti ile ya kutulia isisikike katika msimu wa kwanza wala wa pili. Hutahitaji kumweleza mtazamaji chochote. Sikio lake litaanza kudai. Kama dhamira yako ingekuwa uhamiaji, pengo lingekuwa la namna nyingine, pengine mahadhi yanayoanza kwenye sauti moja na kuishia juu zaidi, yasirudi nyumbani. La msingi ni kwamba umbo lenyewe la mahadhi lifanane na umbo la jambo, kabla hujafikiria chombo cha kuyapigia.

Mahadhi hupata maana kwa kurudi, na yakirudi yaleyale huchosha. Kila yanaporudi badilisha kitu kimoja: kasi, chombo, au mahali yanapokatika. Ukibadilisha vyote kwa pamoja mtazamaji hatayatambua, na usipobadilisha hata kimoja atazoea asisikie tena. Weka daftari la muziki lenye namba ya sehemu, dakika mahadhi yanapoingia, chombo kilichotumika, na safu moja ambayo mimi huiita "nani anajua". Katika safu hiyo andika ni nani kati ya waliomo katika onyesho anayeijua siri. Ukiona umeweka mahadhi ya deni katika onyesho ambalo hakuna hata mmoja anayejua, jiulize kama ni wewe mtunzi unayemnong'oneza mtazamaji. Kunong'ona huko kunaruhusiwa, lakini mara tatu nne tu katika msimu mzima.

Vyombo vyenye asili ya hadithi

Chombo kina historia kabla hujakigusa, na mtazamaji wa Tanga anaijua historia hiyo hata kama hajaisoma popote. Taarabu ya mji huu ilisikika tofauti na ile ya Zanzibar yenye kundi kubwa la fidla na ganuni. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilitumia magitaa, na Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, aliimba katika vyote viwili. Upande wa dansi mji ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwa hadithi yenye mzizi katika miaka ya 1960, gitaa la umeme ni sauti ya ujana wa babu.

Ndiyo maana katika mfano wetu ningeyatanguliza mahadhi ya deni yakiwa yamejificha ndani ya furaha. Msimu wa kwanza yapigwe kwa gitaa, kwa mwendo wa dansi, yasikike harusini na redioni, mtazamaji ayapende na pengine ayatikisie bega. Msimu wa pili, mjukuu anapoanza kuuliza maswali kuhusu hati ya nyumba, yapigwe kwa udi peke yake, taratibu, na mtazamaji ashtuke kwamba wimbo aliokuwa akiuchezea ndio huu. Msimu wa tatu yabaki sauti ya binadamu bila chombo, kwa kuwa hapo ndipo tunapogundua kwamba ni wimbo waliouimba marafiki wawili kambini, kwa lugha ya kwao ambayo hakuna mtu wa Ngamiani anayeielewa.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalowakwamisha wengi. Shingo ya udi ni laini, haina vipingo, vile vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa, hivyo mpigaji anaweza kuzipata zile sauti za kati kwa kati zinazotoka katika makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Kinanda cha kawaida na gitaa vimefungwa kwenye sauti 12 na haviwezi kuzifikia. Ikiwa unajua kwamba mahadhi yatahama kutoka gitaa kwenda udi, yatunge kwa sauti ambazo vyombo vyote viwili vinazo, na sauti za kati uzitumie kama pambo tu, vinginevyo mahadhi ya msimu wa pili yataonekana ni mengine.

Usidharau sauti isiyo ya chombo. Michael Giacchino, aliyetunga muziki wa Lost, tamthilia iliyoanza mwaka 2004 kuhusu watu walioanguka na ndege kisiwani, alitumia vipande vya ndege kama vyombo vya kugonga. Sisi tuna korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge hadi zibaki singa, ambayo mngurumo wake una mapigo yake. Omba ruhusa katika shamba linalofanya kazi, urekodi dakika kumi, kisha ukate mapigo manne na uyarudishe chini kabisa ya muziki kila deni linapotajwa. Mtazamaji atadhani ni ngoma. Atakapoiona korona yenyewe kwenye onyesho la kumbukumbu, katika msimu wa tatu, mwili wake utakuwa umeshaijua.

Kuna pia akiba ya kutokitumia chombo. Ramin Djawadi, mtunzi wa muziki wa Game of Thrones iliyoanza mwaka 2011, hakutumia piano hadi sehemu ya mwisho ya msimu wa sita, mwaka 2016, na piano ilipoanza polepole watazamaji walihisi kuna jambo kubwa linakuja kabla ya kuona moto wowote. Chagua nawe chombo kimoja, ukifungie kabatini, na uandike kwenye daftari ni siku gani kitatoka. Katika mfano wetu kitu hicho ni sauti ya bibi. Anaweza kuzungumza kila siku, ila asiimbe.

Muziki unaosikiwa na wahusika wenyewe

Muziki unaotoka redioni, harusini, kwenye bajaji au dirisha la jirani una nguvu ambayo muziki wa nyuma ya picha hauna, kwa kuwa wahusika nao wanausikia na hawawezi kujifanya hawajausikia. Tanga inatupa hapa onyesho ambalo sehemu nyingine za dunia zingelitamani, nalo ni kutunza. Katika taarabu mtu huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti pale ubeti unapomgusa, na ukumbi mzima husoma ametunza katika ubeti gani, akimtazama nani. Kwa hiyo kitendo cha kutoa noti huwa kauli kamili.

Andika ubeti wako mwenyewe kwa ajili ya harusi ya msimu wa kwanza, kwa mizani nane kila kipande, mafumbo yakielekea kwenye dhamira:

Amana si mali yako, hata ukiijengea,
Yalala nyumbani mwako, mwenyewe yamngojea.

Waliohudhuria wataupokea kama kijembe cha mapenzi, jinsi taarabu ipokelewavyo siku zote. Bibi, ambaye hajawahi kutunza maisha yake yote, anainuka na noti mkononi, anafika nusu ya ukumbi, anasimama, anarudi kukaa. Mwongozaji asikate picha hapo, na wewe usiongeze muziki wowote juu ya ule wa ukumbini. Nimeona wahariri wakiharibu maonyesho ya aina hii kwa kumimina fidla za kompyuta juu ya bendi inayopiga, wakidhani hisia haijatosha.

Kuwe na mipaka pia. Adhana itasikika katika picha zetu kwa kuwa inasikika katika mitaa yetu, lakini ni wito wa sala na haifai kuvutwa, kukatwa au kuwekewa besi ili kutia huzuni. Nyimbo za unyago zina wenyewe, na hata kama dada mmoja wa kikundi anazijua, ruhusa iombwe kwa kungwi na jibu la hapana likubaliwe. Baikoko ni ngoma ya hapa na ina mahali pake katika hadithi, ila isiwe njia ya mkato ya kumwonyesha mtazamaji kwamba mwanamke fulani hana adabu. Hayo ni maoni yangu, na najua wapo wasiokubaliana nami.

Mambo ya mezani

Picha zetu za televisheni huenda kwa fremu, yaani picha tuli, 25 kwa sekunde. Muziki wa mapigo 60 kwa dakika hupiga mara moja kila sekunde, yaani kila fremu 25; wa mapigo 75 hupiga kila fremu 20; wa mapigo 100 kila fremu 15. Ukitunga kwa kasi hizo, mhariri ataweza kukata picha juu ya pigo bila kubahatisha, nawe utaweza kuamua kwa makusudi kuikosa, kwani picha inayokatwa fremu chache baada ya pigo huleta wasiwasi ambao mtazamaji hawezi kuutaja.

Chini ya mazungumzo tumia vyombo vya sauti nzito. Konsonanti zinazofanya maneno yaeleweke hukaa zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 4,000, na nai, ile filimbi ya taarabu, au fidla ya juu ikipita hapo itayala maneno. Ikiwa huwezi kuiondoa fidla, isogeze ipige wakati mhusika anavuta pumzi. Pia usijaze sehemu nzima: katika dakika 25 mimi huona dakika saba za muziki zinatosha, na sehemu moja katika kila msimu huiacha bila muziki wowote wa nyuma, ili mtazamaji aisikie nyumba yenyewe, feni, bomba la uani, na muuza kahawa akipita huku akigonga vikombe.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utungo kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo wimbo wa bendi ya zamani si mali ya kuokota kwa sababu tu waimbaji wake wametangulia. Ruhusa ni mbili, ya utungo na ya rekodi, na mahali pa kuanzia kuuliza ni Cosota, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa kikundi kisicho na fedha ni nafuu kutunga wimbo mpya wenye ladha ya zamani kuliko kutafuta warithi wa wanamuziki saba.

Sehemu ya mwisho

Kabla ya kurusha kila sehemu fanya jaribio la jikoni. Mweke mtu ambaye amefuatilia hadithi, akipika au akifua, asiione picha, na upunguze mazungumzo hadi asiyasikie maneno. Mwulize baadaye nini kimetokea. Hatakueleza matukio, lakini akisema "kuna mtu ameficha kitu" au "leo mambo yamelainika", kazi yako imefika. Akisema tu "palikuwa na huzuni", rudi kwenye daftari.

Tatizo linalobaki ni lile pengo. Kwa sehemu 77 tumemnyima mtazamaji sauti ya "do", na mwandishi atakuomba uitoe kwa kishindo, ngoma zote, udi, gitaa na korona kwa pamoja. Nakushauri ukatae. Katika hadithi yetu mjukuu amesafiri hadi kijiji cha yule rafiki, amewakuta ndugu, amewapa hati ya nyumba waamue wao. Anarudi Ngamiani jioni, anamkuta bibi barazani akisuka ukili, na kwa mara ya kwanza bibi anaimba, sauti zile tano, maneno ya lugha isiyojulikana, hadi kwenye "ti". Ananyamaza hapo. Muuza kahawa anapita barabarani, vikombe vyake vinagongana mara moja, na mlio huo, ambao wewe umeupima mezani kwa uangalifu, uko kwenye "do". Usiurudie. Majina ya waigizaji yapande juu ya sauti ya mtaa peke yake.